Kibuyu cha Bi Kuluthum

Kibuyu cha maziwa hakitoki nje ya mlango. Hilo ndilo sharti aliloachiwa Bi Kuluthum binti Ghanim na mama yake, na katika miaka yote aliyokaa Kisauni alilivunja mara moja tu.

Watu wa leo wataliona sharti dogo. Vibuyu vimejaa sokoni. Lakini maziwa mabivu ya Bi Kuluthum hayakuwa maziwa ya kuachwa pembeni yakaganda yenyewe. Kila asubuhi alikamua, akayachemsha mpaka yakafura, akayaacha yapoe hadi kidole kiweze kukaa ndani bila kuungua, kisha akayamimina katika kibuyu ambacho chini yake alikuwa amebakiza maziwa ya jana. Hayo ya jana ndiyo yaliyokuwa mbegu. Maziwa yaliyokwisha kuchemshwa hayagandi vizuri bila mbegu, yanaoza tu. Na mbegu ile ilitokana na ya juzi, na ya juzi ilitokana na ya nyuma yake, hadi ufike kwa mama yake, aliyetoka Siyu akiwa bibi harusi na kibuyu hicho amekipakata njia nzima, mizigo mingine akawaachia watu waibebe.

Kibuyu hakikuoshwa kwa maji wala kwa sabuni. Kilikombwa ndani kwa kifagio cha chelewa, kikafukizwa moshi wa vifuu vya nazi, basi. Weupe wa maziwa ulikuwa umeingia ndani ya ngozi yake, na mama yake alikuwa akisema kwamba mbegu hailali chini ya kibuyu tu, inalala katika kuta zake pia.

Bi Kuluthum alifiwa na mumewe mwaka ule wa mgomo mkubwa wa makuli wa bandarini. Hawakujaliwa watoto. Ndugu yake, Obeid, alikuwa na duka kisiwani, ng'ambo ya daraja, na nyumba ya ghorofa, akamwambia ahamie kwake. Haikuwa nia mbaya. Lakini nyumba ile ilikuwa ya mkewe Obeid, Suad, na kila aliyemjua Suad alijua maana yake. Bi Kuluthum akajibu kwamba ana ng'ombe, ana kibuyu, na ana mlango wake mwenyewe. Akabaki Kisauni akiuza maziwa, na maziwa yakamweka katika nyumba yake. Kwa hiyo mtu asidhani kibuyu kile kilikuwa pambo la ukutani. Kilikuwa ndicho paa lake.

Kisauni ya siku zile ilikuwa ya njia za mchanga na visima, na nyumba zikitazamana bila kuta zenye vipande vya chupa juu yake. Baada ya sala ya alasiri utaona wanawake na watoto wanakuja na mabakuli yaliyofunikwa kwa kawa, wanakaa barazani kwa Bi Kuluthum, wanaulizana hali kwa ukamilifu, mtu na watu wake wote, ndipo maziwa yanapotajwa. Hapakuwa na haraka. Alikuwa akiteka kwa kata, polepole, na maziwa yakishuka mazito kama uji wa ngano. Yalikuwa makali kidogo, na harufu ya moshi kwa mbali. Watu waliyala na wali, wengine na ndizi mbivu, na mwezi wa Ramadhani palikuwa na futari ambazo hazikuitwa futari bila hayo.

Hakuyatia maji hata siku moja. Leo mtu atakuuzia maji meupe na kukuapia kwa jina la Mungu, kisha ataingia msikitini au kanisani akae mstari wa mbele. Nayasema haya kwa sababu tumefika mahali ambapo uaminifu katika jambo dogo unaonekana ni ujinga.

Majani ya ng'ombe aliletewa na Nyamvula, mwanamke wa Kigiriama aliyekaa upande wa Ziwa la Ng'ombe. Mume wake, Kalama, alikuwa akikata mawe machimboni, Bamburi. Nyamvula alikuwa akifika na mzigo kichwani, anautua, anaketi kwenye kibao uani, na Bi Kuluthum anampa bakuli la maziwa. Huo haukuwa ujira, maana majani yalikuwa na malipo yake. Ilikuwa heshima baina ya watu wawili waliozoeana. Mmoja alikuwa akienda chuo cha Kurani kumsomea marehemu mumewe, mwingine akienda kanisani Jumapili, na sijasikia kwamba waliwahi kubishana juu ya hilo. Walibishana juu ya ng'ombe.

"Ng'ombe wako ana kiburi, Bi Kuluthum. Majani ya jana ameyachagua kama bibi harusi achaguaye kanga."

"Ulimletea miba, Nyamvula. Ungekuwa wewe ungekula?"

"Mimi ningekula. Mimi sikulelewa Kisauni."

Mwishoni mwa mwaka wa sitini na moja mvua ilinyesha kwa namna ambayo wazee wenyewe hawakuwa wameiona. Vyoo vilifurika, visima vikafurika, na maji ya huku yakachanganyika na ya kule. Homa ya matumbo ikaingia. Kalama, mwanamume aliyekuwa akibeba jiwe ambalo wengine walilibeba wawili, akaanguka. Alivushwa daraja la kuelea akiwa amelazwa juu ya mkokoteni, akalazwa hospitali huko kisiwani, na homa ilipoanza kushuka akarudishwa nyumbani na pakiti ya vidonge avimalize, kwa kuwa vitanda vilikuwa havitoshi.

Vidonge hivyo vilikuwa katika zile dawa ambazo leo kila mtu anaziita antibiotiki na kuzinunua kama njugu. Wakati ule zilikuwa ngeni na watu waliziogopa, na kuogopa kule kulikuwa na heshima ndani yake. Dresa wa zahanati ya Kisauni, Bwana Barakat, alimwita Nyamvula akamweleza waziwazi.

"Mama, mumeo atajiona amepona kabla hajapona. Asiache. Akiacha katikati homa itarudi, na ikirudi itamkuta hana nguvu. Vidonge vyote, mpaka pakiti iwe tupu. Umenielewa?"

Nyamvula alielewa. Tatizo halikuwa yeye. Vidonge vilimshika Kalama tumbo. Mara kwa mara alikuwa anatoka nje akishikilia ukuta, mdomo wake ukafanya utando mweupe kama wa mtoto mchanga, chakula hakikukaa. Akaanza kukataa dawa. Nyamvula alipofagia chini ya kitanda alikuta vidonge viwili vimesukumwa pembeni, vimeyeyuka nusu kwa unyevu. Akatwaa kanga yake akaenda kwa Bi Kuluthum, akamweleza huku analia.

Bi Kuluthum alitia maziwa mabivu katika kopo, akajitanda buibui, wakafuatana matopeni mpaka Ziwa la Ng'ombe.

"Shikamoo, Bi Kuluthum," alisema Kalama kutoka kitandani.

"Marahaba. Wasemaje, Kalama?"

"Mimi sisemi sana. Tumbo ndilo linalosema."

"Na vidonge? Umevila?"

"Nimevila, navyo vikanila. Huyo dresa wenu anautoa ugonjwa kwa mlango wa nyuma, Bi, na roho yangu imo katika msafara."

Nyamvula alijizuia kucheka akashindwa. Bi Kuluthum hakucheka. Alimpa maziwa, kata moja, akamngoja ayamalize. Siku ya pili yake alipita zahanati akamuuliza Bwana Barakat kama amefanya kosa.

Bwana Barakat alikuwa mtu wa kusema ukweli hata pale ambapo ungempunguzia sifa. Alimwambia kwamba hakufanya kosa. "Dawa ile haina macho, Bi Kuluthum. Inawaua vijidudu vya homa, na inawaua na wale wa heri wakaao tumboni, wanaotusaidia kusaga chakula. Tumbo likibaki tupu linaharibika. Maziwa mabivu yana wa heri wengine. Daktari mmoja huko kisiwani amewaambia wauguzi hivyo hivyo, nami nilikuwapo. Mpe, lakini si pamoja na kidonge. Kidonge kitangulie, maziwa yafuate baadaye. Na usimwambie kwamba maziwa yataponya homa, kwa sababu hayataiponya. Homa itaponywa na vidonge. Kazi ya maziwa ni kumfanya aweze kuvivumilia."

Nimeyaandika maneno yake yote kwa makusudi. Siku hizi wako wanaokunywa maziwa wakatupa dawa, na wako wanaomeza dawa kwa pupa bila kuutazama mwili wanaoutilia. Wote wawili hawamsikilizi mtu.

Basi Nyamvula akawa anakuja kila siku na kopo lake. Kalama akaanza kupata nafuu ya tumbo, akakubali vidonge, ingawa kwa manung'uniko. Lakini ng'ombe wa Bi Kuluthum alikuwa na mimba kubwa, na maziwa yake yakawa yanapungua, kisha yakakauka. Siku chache hizo Bi Kuluthum alinunua maziwa kidogo kwa jirani ili mbegu isife, wala hayakutosha ya kumpa mgonjwa. Huko Ziwa la Ng'ombe, kinyume chake, shemeji yake Kalama aliyeitwa Garama alikuwa na ng'ombe aliyezaa karibuni. Maziwa mabichi yalikuwapo. Yaliyokosekana ni mbegu.

Walijaribu kuipeleka mbegu ndani ya kopo. Ikaharibika, ikawa inavutika kama ute wa bamia na kunuka. Walijaribu chungu kipya, nacho kikatoa kitu kichungu ambacho Kalama alikitema. Kisha mvua ikarudi, njia ikakatika siku kadhaa, na njia ilipofunguka Nyamvula alifika na habari kwamba tumbo limeanza tena na Kalama ameapa hatameza kidonge kingine. Pakiti ilikuwa haijafika nusu.

Siku hiyo Suad alikuwapo. Alikuja kumtazama wifi yake, kama alivyosema, na alikuwa ameketi juu ya mkeka wa chumbani akipepea. Bi Kuluthum aliingia jikoni, akakishusha kibuyu kutoka kwenye ndoana yake, akatoka nacho mkononi. Nyamvula alikuwa amesimama mlangoni, kanga imekwisha kutandazwa tayari kukifunga.

"Wifi," Suad alisema, "kibuyu cha mama hicho wakipeleka wapi?"

"Ziwa la Ng'ombe. Kwa mgonjwa."

"Kwa hao watu wa nyika? Wallahi, kikirudi kitakuwa najisi. Hujui kitaangikwa wapi wala kitasogezewa nini. Utatulisha sisi maziwa humo?"

Nyamvula alitazama chini. Bi Kuluthum alifunga kanga yeye mwenyewe, fundo la kwanza na la pili, ndipo akajibu bila kugeuka. "Wewe hukulazimishwa kula, Suad. Na maziwa haya hukuyajua mpaka ulipoolewa kwetu."

Kisha akamtoa Nyamvula mpaka njiani akamwelekeza. Maziwa yachemshwe kwanza, yapoe. Chini kibakizwe kiasi cha kufunika kitako cha kibuyu. Kifukizwe kwa kifuu. Kisioshwe. Nyamvula aliyarudia yote bila kukosea, na kwa muda wote kibuyu kilipokuwa kwake aliyafuata kama alivyoambiwa. Hilo lazima lisemwe kwa haki yake.

Kalama alikunywa maziwa ya kibuyu asubuhi na mchana, baada ya vidonge. Utando wa mdomo ukaondoka. Akaanza kula ugali mwepesi, kisha na mchuzi wa samaki. Alivimeza vidonge mpaka cha mwisho huku Nyamvula amesimama mbele yake mikono kiunoni. Cha mwisho alikishika kati ya vidole akakiambia, "Wewe na ndugu zako mmenitesa. Nendeni salama." Homa haikurudi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Sisi watu wa pwani, wa dini yoyote, tuna desturi juu ya chombo cha jirani. Hakirudishwi kichafu, wala hakirudishwi kitupu. Sahani iliyokuja na mkate inarudi imeoshwa ikang'aa, na ndani yake kuna kitu, hata kama ni ndimu mbili. Anayerudisha chombo na makombo ya jana anajitangaza kuwa hakulelewa. Nyamvula alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Aliambiwa asikioshe kibuyu, akaelewa kwamba asikioshe wakati kinatumika. Hakudhani kwamba mtu anaweza kukirudisha chombo cha mwenziwe kikiwa na masazo ya maziwa ndani. Na zaidi ya hayo, alikuwa na neno la Suad moyoni. Hakulitaja kwa yeyote, hata kwa mumewe. Lakini aliapa kwamba kibuyu kile hakitapita mlango wa Bi Kuluthum kikiwa na kitu ambacho mwanamke yule angeweza kukinyooshea kidole.

Wakaja wote wawili asubuhi moja ya jua, Kalama amekonda lakini anatembea kwa miguu yake, amebeba mkungu wa ndizi begani. Nyamvula amevaa leso mpya. Kibuyu kilikuwa kimepakwa mafuta ya nazi kikametameta, na shingoni amekivisha shanga nyekundu na nyeupe alizozitunga mwenyewe.

"Hodi, Bi Kuluthum."

"Karibuni. Karibuni sana. Kalama, umerudi duniani?"

"Nimerudi, Bi. Huko nilikokwenda choo ni mbali."

Bi Kuluthum akacheka, safari hii kwa sauti. Nyamvula alipiga goti moja akamkabidhi kibuyu kwa mikono miwili.

"Chombo chako hiki. Nimekisugua kwa mikono yangu, kwa maji yanayotokota na jivu na mchanga wa pwani, nikakirudia, nikakianika juani mpaka kikakauka kabisa. Hakina harufu ya mtu. Asije yeyote akasema kimetoka kwetu. Na ndani nimekutilia asali, ndugu yangu ameileta kutoka bara."

Waliokuwapo wanasema kwamba Bi Kuluthum alikipokea, akakileta puani, akakaa nacho hapo. Ndani mlikuwa na harufu ya asali peke yake. Kisha akakiweka mapajani, akamshika Nyamvula bega.

"Ahsante, Nyamvula. Mungu akuzidishie. Umekipamba kikapambika."

Akawatilia chai, wakanywa na mahamri, Kalama akahadithia visa vya hospitali. Walipoondoka aliwasindikiza hadi penye kisima.

Wako waliomlaumu baadaye kwamba angemwambia Nyamvula alichokifanya. Sikubaliani nao. Mtu amekuletea heshima yake yote katika mikono miwili. Ukimwambia kwamba heshima hiyo ndiyo iliyokuharibia, umemrudishia nini? Lawama ningeipeleka kwingine. Suad hakugusa kibuyu, hakumwaga maziwa, hakufanya lolote ila kusema. Watu husema ovyo, kisha wakashangaa kuona mtu aliyesemwa amechukua maji ya moto na mchanga. Suad naye aliishi miaka mingi na hakujua, au hakutaka kujua.

Ng'ombe alizaa. Bi Kuluthum akachemsha maziwa, akayapoza, akayatia katika kibuyu cha mama yake, akangoja. Yakaoza. Akaomba mbegu kwa jirani wa Kongowea. Maziwa yakaganda, yakawa kama ya yule jirani, membamba na chachu tupu. Akatuma salamu Siyu kwa kila msafiri. Jibu likaja kwamba shangazi wa mwisho aliyekuwa na kibuyu amekufa, na watoto wake hawakukiendeleza, sasa wanakunywa chai.

Angeweza kuyauza yale membamba. Wateja walikuwa bado wanakuja na mabakuli yao, na wengi wasingesema kitu kwa kumstahi. Alikaa barazani akamwambia kila mmoja kwa zamu yake: "Haya siyo yale. Mkitaka ya hivi, mtayapata popote." Baadhi waliyachukua mara mbili, tatu. Kisha wakaacha.

Bwana Barakat alikuja siku moja na bakuli kwa ajili ya mama mmoja wa Mtopanga aliyekuwa akimeza vidonge vile vile na tumbo limemshika.

"Sina, Barakat."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Hayo mengine nimeyajaribu mwenyewe, hayamtulizi mtu. Mwambie anywe uji mwepesi wa mtama. Na mwambie asiache dawa."

Dresa alikitazama kibuyu kilichoangikwa na shanga zake, akaaga.

Ng'ombe aliuzwa kabla ya mvua za masika za mwaka wa sitini na tatu. Nyamvula hakuwa na sababu ya kuleta majani tena, ingawa alikuwa akipita kusalimu, na kila alipoziona shanga zake pale ukutani alifurahi. Mwezi wa Desemba, watu walipokuwa wanafunga bendera za karatasi za uhuru milangoni, Bi Kuluthum alikuwa amekwisha hamia kisiwani, chumba cha nyuma cha nyumba ya Obeid, chini ya amri ya Suad. Alikaa humo mpaka alipofariki.

Kalama alikata mawe miaka mingine mingi na akaona wajukuu. Bi Kuluthum alipoteza mbegu ya mama yake, kazi yake, na nyumba yake.